Mchoro wa Pwani Unapokataa: Dalili na Vyanzo kwa Anayejifunza Kuchora Mandhari Bagamoyo

Mtu anayetaka kupaka rangi mandhari ya pwani hufika mahali ambapo picha yake inakataa, na mara nyingi huanza kwa kuilaumu rangi. Hununua rangi nyingine, hubadilisha brashi, huchanganya bluu upya, lakini bahari inabaki imesimama kama ukuta na jahazi linabaki limening'inia hewani. Katika muda niliokaa ufukweni Bagamoyo pamoja na wanaojifunza, nimeona kwamba kosa linaloonekana kwenye turubai karibu kila mara lilikwisha kuwamo ndani ya mchoro wa penseli. Kosa la mchoro nalo huwa limeitangulia penseli yenyewe: limeanzia mahali mtu aliposimama, saa aliyoichagua, au mazoea ya kukitazama kitu mara moja kisha kukichora kutoka kichwani. Mwongozo huu unazichukua dalili zinazojitokeza mara kwa mara na kurudi nyuma nazo hadi kwenye chanzo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: penseli za HB, 2B na 4B (HB ni ngumu na hafifu, 4B ni laini na nyeusi zaidi), kifutio, karatasi zilizobanwa kwenye ubao mwepesi, kipande cha kadibodi, na uzi wenye kokoto iliyofungwa mwishoni.

Bahari imesimama kama ukuta na watu wanaelea

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Mstari ambapo bahari inakutana na mbingu uko siku zote sawa na kimo cha macho ya anayetazama. Ukisimama, mstari huo unapanda pamoja nawe. Ukichuchumaa, unashuka pamoja nawe. Sasa fikiria mtu aliyeanza mchoro wake akiwa amesimama karibu na soko la samaki. Anauweka mstari wa bahari, jua linamchosha, anakaa juu ya gogo, kisha anaendelea kuchora mashua na wachuuzi waliozizunguka. Karatasi yake moja sasa imetazamwa kwa vimo viwili vya macho, na hakuna rangi itakayoweza kuvipatanisha.

Njia ya kulibaini kosa hilo ni kuvitazama vichwa vya watu. Ukisimama kwenye mchanga ulio tambarare, mstari wa bahari unavigusa vichwa vya watu wote wenye kimo kama chako waliosimama kwenye mchanga huo huo, awe mtu yuko hatua 10 kutoka kwako au hatua 200. Kinachobadilika ni miguu: ya aliye karibu inashuka sana kwenye karatasi, na ya aliye mbali inasogea juu kuelekea mstari. Ukikaa mchangani, mstari huo unawapita wote karibu na kiuno. Kwa hiyo mchoro ambao mchuuzi mmoja amekatwa na mstari kichwani na mwenzake amekatwa magotini, ilhali wote wako kwenye mchanga mmoja, una kosa hata kama kila mtu peke yake amechorwa vizuri.

Kuna jambo la hapa kwetu linaloweza kukuchanganya. Ufuko unateremka, na mtu aliye ukingoni mwa maji yuko chini kuliko wewe uliye juu penye minazi. Kichwa chake hakitaufikia mstari, na hilo si kosa. Ndiyo sababu nashauri zoezi la kwanza lifanywe wakati wa maji kupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali na kuacha uwanja mpana wa mchanga ulio karibu kuwa sawa. Teremka kwenye uwanja huo, simama, na kwa dakika 10 chora mstari mmoja na watu sita au saba wakiwa vijiti tu, bila nguo wala nyuso.

Ikiwa mchoro umekwisha kuharibika, amua kwanza kama utaendelea kwa kusimama au kwa kukaa, kisha ufute kile kisicholingana na uamuzi huo. Mara nyingi ni nafuu kuufuta mstari kuliko kuwafuta watu. Weka jiwe mahali ulipo ili ukiondoka kunywa maji urudi pale pale. Halafu hakikisha kwamba mstari haujainama, kwa kupima kwa penseli kutoka ukingo wa juu wa karatasi, upande wa kushoto na wa kulia. Ubao uliowekwa mapajani huinama bila mwenyewe kujua, na bahari iliyoinama kidogo tu huifanya picha nzima ionekane kama inamwaga maji.

Chombo kimekuwa kama ndizi au hakijakaa chini

Asubuhi moja kijana niliyekuwa naye alikuwa akichora ngalawa iliyopandishwa mchangani, omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikituelekea. Alifanya kazi kwa bidii karibu saa nzima. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu pembeni alinyoosha shingo kutazama.

"Shikamoo, babu," kijana alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hii yako imesimama? Ile pale imelala."

Tulitazama tena. Ngalawa ilikuwa imelalia ndubi moja, yaani ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke, imezama mchangani karibu nusu, na ndubi ya pili ilikuwa juu hewani, mtu angeweza kupitisha ndoo chini yake. Kijana alikuwa amezichora ndubi zote mbili zikigusa mchanga, kwa sababu alijua kwamba ngalawa ina ndubi mbili zinazolingana. Alikuwa na ngalawa mbele ya macho yake kwa saa nzima na bado akaichora ile aliyokuwa nayo kichwani. Kisha tulipima, na kosa la pili likajitokeza: umbali kutoka ndubi hadi ndubi ulikuwa mkubwa kuliko urefu wote wa chombo uliokuwa ukionekana kutoka pale tulipokaa, ilhali kwenye karatasi alikuwa amekirefusha chombo mara tatu ya umbali huo.

Chanzo ni kwamba kitu kinachokuelekea hufupika machoni, na akili hukataa kufupika huko kwa sababu inakijua kitu kilivyo. Tiba yake ni kipimo. Nyoosha mkono hadi kiwiko kisibaki na mkunjo, fumba jicho moja, shika penseli wima au ya kulala, na weka kidole gumba panapoishia upana wa kitu. Kisha zungusha mkono uone upana huo unaingia mara ngapi katika urefu. Unachopata ni uwiano, ambao utauhamishia kwenye karatasi kwa ukubwa wowote unaoupenda. Wanaolalamika kwamba vipimo vyao hubadilika kila mara huwa wanakunja kiwiko bila kujua au wanasogeza kichwa mbele. Hakuna sababu nyingine niliyowahi kuiona.

Kipimo cha pili ni nafasi tupu. Badala ya kuichora ndubi, chora umbo la mwanga lililopo kati ya ndubi na ubavu wa chombo. Umbo hilo halina jina na akili haina picha yake, kwa hiyo jicho hulazimika kulitazama kweli. Kwa jahazi linaloelea, nafasi ya kuangalia ni ile iliyo kati ya mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na ukingo wa chombo. Ikiwa pembetatu hiyo ni sahihi, tanga litakaa lenyewe. Na kabla ya kuanza kukunja mbavu za chombo chochote, kiweke kwanza ndani ya sanduku la mistari iliyonyooka, lenye mwinamo ule ule wa chombo, kisha mviringo uchongwe kutoka ndani ya sanduku hilo.

Vivuli vinabishana

Kivuli cha mnazi kinaelekea kushoto, cha mashua kinaelekea kulia, na mchoraji haelewi kwa nini picha haina mwanga. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, na mchoro uliochukua saa tatu umechora majua matatu. Tiba ya kwanza ni kuweka mipaka ya vivuli vyote, hata kwa mistari hafifu, katika dakika tano za mwanzo, na kutoigusa tena mipaka hiyo ijapokuwa vivuli vya kweli vimehama. Tiba ya pili ni kutozidisha saa mbili. Jua linapochomoza au kuzama, nusu saa inatosha.

Kwa Bagamoyo yapo mambo ya kuzingatia zaidi. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko upande wa bahari: vyombo vinaonekana kama vivuli vyeusi juu ya maji yanayometa, na huo ni wakati mzuri wa kujifunza maumbo. Alasiri, kuanzia saa tisa, jua liko mgongoni mwako na linaviangaza vyombo kutoka upande wa nchi kavu. Hapo ndipo mbavu na mbao zinasomeka. Saa sita mchana epuka, hasa mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba, kwa sababu siku hizo jua hupita karibu kabisa na utosi na kivuli cha mtu hujikusanya miguuni. Anayechora saa hiyo hana kivuli cha kumsaidia kueleza umbo.

Mtu akishindwa kumaliza, huambiwa arudi kesho saa ile ile. Shauri hilo linafaa mlimani, lakini ufukweni lina kasoro, kwa maana kesho maji yatakuwa yamechelewa karibu dakika 50, na ule mchanga uliouchora leo utakuwa umefunikwa kwa sehemu. Jua na maji huonana tena kwa mpangilio unaokaribiana baada ya wiki mbili hivi, bamvua moja hadi nyingine. Kwa hiyo rudi kesho ikiwa unachora nyumba au miti. Ikiwa unachora mashua zilizokaa mchangani, andika tarehe na urudi baada ya siku 14 au 15, ukijua kwamba mashua zenyewe huenda zisiwe zile.

Hapo linafuata jambo la adabu ambalo pia ni la ufundi. Kabla ya kukaa mbele ya chombo cha mtu, msalimie nahodha au wavuvi waliopo, omba ruhusa, na uulize chombo kinaondoka na maji ya saa ngapi. Nimewahi kuanza mchoro mkubwa wa jahazi bila kuuliza, na nikiwa bado kwenye mlingoti likapandisha tanga na kuondoka. Chombo kinachoelea kwenye nanga nacho hugeuka kadiri upepo na mkondo vinavyobadilika, kwa hiyo anayeanza achague kilichokaa mchangani.

Mchoro wote ni kijivu kimoja

Mistari ni sahihi, vipimo ni sahihi, lakini ukiuweka mchoro ukutani na kurudi hatua tatu nyuma hauoni kitu. Chanzo kimoja ni karatasi kupigwa na jua. Weupe wake hulipumbaza jicho, na kiwango cha giza ulichokipima pale ufukweni hubadilika ukiingia ndani ya nyumba; mara nyingi kila kitu huwa kizito kuliko ulivyodhani. Geuza mgongo au ubao hadi karatasi yote iwe kivulini. Isiwe nusu kivulini na nusu juani, maana hapo hutapima chochote.

Chanzo kikubwa zaidi ni kule kuchora jina la rangi badala ya kiwango cha mwanga. Ukuta uliopakwa chokaa unaitwa mweupe, kwa hiyo mwanafunzi anauacha mweupe. Mwambie akunje macho hadi kope zikaribie kugusana, kisha alinganishe upande wa ukuta ulio kivulini na mbingu iliyo nyuma yake: ukuta mweupe mara nyingi ni mzito kuliko mbingu, na hapo ndipo nyumba inaposimama. Mchanga ulioloa ni mzito kuliko mkavu, na mpaka kati yao ni mmoja wa mistari mizuri kuliko yote ufukweni, lakini wengi hawauchori kwa sababu wote ni mchanga tu.

Chora visanduku vitano vidogo pembeni mwa karatasi, cha kwanza kikiwa weupe wa karatasi yenyewe na cha tano kikiwa giza kubwa unaloweza kulipata kwa 4B, kisha kila eneo la mandhari lipe namba kabla ya kulijaza. Anayeona tano ni nyingi aanze na tatu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalobeba kazi ya rangi baadaye: picha ambayo viwango vyake ni sahihi huvumilia makosa mengi ya rangi, na isiyokuwa navyo haiokolewi na rangi nzuri.

Nyumba za Mji Mkongwe zinaanguka

Mistari ya nyumba iliyo juu ya kimo cha macho, kama ukingo wa paa, hushuka kuelekea mstari wa upeo, ule ule wa bahari na mbingu, kadiri inavyokwenda mbali. Iliyo chini ya kimo hicho, kama baraza na msingi, hupanda. Anayejua kanuni hii bado hukwama Bagamoyo, kwa sababu kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa zenyewe zimepinda kwa umri. Basi asijue kama upotovu ni wa nyumba au wa mkono wake. Hapo ndipo uzi wenye kokoto unapohitajika, ambao ni timazi ya fundi mwashi kwa matumizi ya macho. Uninginize mbele yako mkono ukiwa umenyooka, subiri utulie, na ulinganishe nao pembe ya ukuta. Kinachoegemea kwa kweli kichore kikiwa kimeegemea, kwa kiasi hicho hicho.

Nguzo za baraza zikikusumbua kwa kuonekana zimepangwa bila mpango, chora mistari miwili ya kukatiza pembe kwa pembe juu ya uso wote wa baraza. Panapokatana ndipo katikati yake machoni, na nusu iliyo karibu nawe itakuwa pana kuliko ya mbali. Rudia katika kila nusu, na utapata mahali pa nguzo. Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, ambako magofu ya msikiti wa kale huhesabiwa kuwa ya karne ya 13, mbinu hii haisaidii sana, kwa kuwa kingo zimelika. Huko anza na maumbo makubwa ya giza na mwanga, na mawe yafuate mwishoni, machache.

Mengine, kwa kifupi

Minazi inafanana na mifagio. Kila kuti limechorwa likiwa limelala ubavu, wakati makuti yanayokuelekea yamefupika na mengine yanaonekana kwa ncha tu. Jaza kwanza umbo zima la kichwa cha mnazi kama doa moja, kisha toboa mwanga unaopenya, na mwisho ongeza makuti manne au matano yaliyo wazi.

Mikoko ya mbali inaonekana kuwa karibu. Mkono umekandamiza penseli kwa nguvu ile ile mbele na nyuma. Hewa ya pwani ina unyevu, na kila kilicho mbali hupauka na kupoteza tofauti kati ya mwanga na kivuli. Tumia HB kwa mbali na uiweke 4B kwa mbele tu. Baada ya mvua ya masika hewa husafika na mbali husogea, basi chora unachokiona siku hiyo.

Picha imejaa kila kitu. Kata tundu la sentimita 7 kwa 10 katikati ya kadibodi, ambalo uwiano wake unakaribia ule wa karatasi ya A4, na uchungulie humo hadi upate unachokitaka, kisha usichore kilicho nje yake. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, alipokuwa katika mji wa The Hague mwaka 1882, alijitengenezea fremu ya kuchungulia yenye nyuzi, iliyofungwa kwenye miguu ya kuchomeka ardhini, ili aweze kuitumia hata ufukweni.

Karatasi inapepea na kuloa jasho. Bana pembe zote nne, hasa kusi inapovuma, na weka karatasi nyingine chini ya kiganja.

Mchoro ni mzuri, lakini ukifika nyumbani haupakiki rangi

Dalili hii huwapata waliokwisha kuvuka zile za mwanzo, na huwavunja moyo zaidi. Mchoro unapendeza, lakini mbele ya turubai maswali yanakuja: mbingu ilikuwa nyepesi kuliko bahari au la? Kivuli cha mashua kilikuwa na ubluu au kahawia? Upepo ulikuwa unatoka wapi, mbona tanga hili limejaa na bendera ile imelala? Mchoraji anajibu kwa kubuni, na mandhari inaanza kufanana na kadi ya posta.

Chanzo ni kwamba mchoro ulifanywa ili uwe kitu cha kutazamwa, wakati mchoro wa msingi ni barua unayojiandikia mwenyewe. Mchoraji Mwingereza John Constable, alipochora mawingu huko Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, aliandika kwenye kazi zake tarehe, saa na hali ya upepo, na leo mtu anaweza kuyasoma mawingu yale pamoja na maelezo hayo. Acha ukingo wa vidole viwili kuzunguka mchoro kwa ajili ya maandishi. Weka mshale wa jua linakotoka, mshale wa upepo, saa, na kama maji yalikuwa yanapwa au yanajaa. Ndani ya maeneo makubwa andika rangi kwa kulinganisha, kwa maneno kama "maji ya mbali kijani kuliko mbingu" au "kivuli cha ukuta, rangi ya majivu yenye ubluu", kwa sababu neno "bluu" peke yake halitakukumbusha chochote ukiwa nyumbani. Kando ya mchoro mkubwa, fanya mwingine mdogo wa ukubwa wa kiberiti, wenye viwango vitatu tu vya giza bila mstari wowote. Ukianza kupaka rangi, huo mdogo ndio uuweke mbele yako. Na andika hata lile unaloamini hutalisahau, kama vile kwamba mchanga ulikuwa bado umeloa hadi penye usukani wa mashua ya tatu.